Aliyeiomba Ardhi Samahani

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushika jembe katika shule yetu, mtunza bustani anastaafu. Wengi wenu mnamwita Babu Mbolea. Mwalimu wa jarida amenipa kazi hii kwa sababu, eti, mimi namjua. Nasoma kwa lugha mbili na kuona haya kwa zote mbili, kwa hiyo kuandika nitaweza. Kusimama mbele ya watu nisome, hapana.

Nianze kwa kuungama. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilipita bustanini kila asubuhi. Babu alikuwa akiinama, anagusa udongo, kisha paji la uso, halafu anasema, "Samahani." Nami, kwa adabu za nyumbani, namjibu, "Bila samahani, Babu." Muhula mzima! Kumbe hakuwa akisema na mimi. Babu ni Mhindu, na katika imani yake ardhi ni mama: mtu humwomba radhi kabla ya kumkanyaga, sembuse kumpiga jembe. Nilipoambiwa, nilitamani huyo mama anifunike. Babu alicheka tu. "Usiache, mjukuu wangu. Miaka yote naomba, wewe ndiye wa kwanza kunijibu."

Maganda ya jikoni aliyageuza mbolea. Maua ya sala zake hakuyachuma. Aliokota yaliyoanguka yenyewe. Ukiacha bomba la maji wazi, ulizijua hasira zake. Na safu ya kwanza ya mboga hakuivuna kamwe, aliwaachia ndege na wadudu. Kwake yeye kila kitu ni cha Mungu, na anayekula peke yake anakula cha wenziwe. Mpishi wetu lilimshinda hilo: "Babu, wadudu wako wanakula vizuri kuliko walimu!"

"Lakini umewahi kuwasikia wakilalamikia chumvi?"

Mwaka huu uongozi uliamua kumwaga zege juu ya bustani yake, nyuma ya maabara, pawe maegesho ya magari. Babu akaitwa kikaoni. Nilikuwepo, nikiandika kumbukumbu kwa niaba ya wanafunzi. Hakubishana. "Kumkanyaga mama, nimemwomba radhi," alisema. "Kumziba pumzi, nitamwombaje?"

Mwalimu mkuu, ambaye si mtu mbaya, akauliza: Babu akiondoka, nani atalima? Akipatikana mtu, zege litasubiri. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuandika. Aibu ya kweli ni hiyo.

Kesho yake nilibandika kwenye ubao wa matangazo karatasi ya watakaolima bustani kwa zamu, jina langu juu. Lilikaa peke yake siku nne. Siku ya tano mpishi akaandika lake, akaacha na doa la mafuta. Sasa tuko kumi na wanne, na mwalimu mkuu ametia sahihi: zege limeahirishwa mwaka mmoja.

Babu, ahsante kwa kutufundisha bila kutuhubiria. Mgongo wako upate kunyooka, afya isikupungukie, na Bibi afurahi kukuona nyumbani mchana. Ustaafu wako uwe wa amani tele.

Jumatatu ni zamu yangu. Nitawahi.