Kinu Kisicho na Iliki

Du! Du! Du! Kinu ndicho nilichokisikia, kabla sijaona kitu. Assalaam alaykum, ndugu zangu, na shukrani zote ni za Mola aliyenifikisha kwenye darsa hii na meno yaliyobaki!

Mimi Rahma, wa hapa Mabela. Mume wangu Nasri alikuwa akinipiga. Kila alipoanza, nilimwambia binti yangu Salma, "Nenda jikoni, mwanangu, twanga iliki za kahawa. Twanga kwa nguvu!" Nilidhani namsitiri: majirani wasinisikie mimi, na yeye asimsikie baba yake. Wageni wakitusifu, ndugu zangu! "Nyumba hii iliki haikauki," walisema, wakacheka.

Mchana ule nilikuwa nimejilaza, mkono umevimba. Nikasikia kinu. Nasri hajaingia, gari lake ndiyo kwanza linakata kona. Nikaenda jikoni. Salma anatwanga, macho kayafumba, na kinu kitupu!

"Iliki ziko wapi?"

"Zimekwisha, mama. Natwanga tu, usije ukalia."

Ya Rabbi! Nikamshika mkono, tukatokea mlango wa nyuma.

Tukaenda moja kwa moja kituo cha polisi, na mama mkwe akatufuata huko. "Mwanangu hajamgusa mtoto hata ukucha! Haya ni ya mume na mke. We Rahma, sitara ya nyumba umeitupa wapi? Msamehe, twende zetu."

Afisa, mwanamke, alikuwa akiandika. Nje gari la mpita njia likafunga breki. Salma akakunja ngumi, akaanza kugonga meza. Du! Du! Du! Afisa akamtazama mpaka gari lilipoondoka.

"Huyu ndiye hajaguswa, bibi? Mwanao ana kesi mbili. Ya mke, na ya mtoto kukuzwa ndani ya kipigo. Hiyo ya pili hakuna wa kuisamehe kwa niaba yake."

Ndugu zangu, Mola aliniokoa kwa kingumi kile! Sikudanganyeni, Salma bado anashtuka. Nawe uliyekaa hapo, mtandio umeushusha mpaka shavuni, usingoje kinu chako kiwe kitupu. Mtegemee Mungu, kisha nyanyuka!

Jioni ile polisi walimleta Nasri nyumbani achukue nguo zake. "Rahma, sema yaishe." Nikamkabidhi mfuko wa nguo. Akatangulia, askari nyuma yake. Salma alikuwa jikoni, mchi kauinua juu, anasikiliza. Hakuushusha mpaka mlango ulipofungwa nyuma ya baba yake.