Si Shangazi, Ni Mbabula

Wamama, wababa, na ninyi vijana mliobanana pale nyuma, leo sitaanza kwa wimbo. Nina hasira, na iliyo kubwa kuliko zote ni ya kujikasirikia mwenyewe. Anayetaka kusema amina angoje nimalize.

Mnaikumbuka ile siku ya 2012, theluji ilipoanguka hapa Johannesburg. Watu wa Sandton wanapiga picha, sisi huku Alexandra meno yanatugongana chini ya mabati. Mdogo wangu alikuwa ametoka Lubumbashi miezi mitatu tu. Alitoka mbio na ndala zake, mdomo wazi juu, ananiita kwa kelele kama wadogo wa kwetu wanavyomwita mkubwa wao, "Yaya, njoo uone, chumvi inaanguka!" Alirudi nguo zimelowa chapachapa. Nikamgombeza, halafu nikafanya nilichozoea kumwona mama akifanya: nikaingiza ndani mbabula, lile jiko letu la mkaa, makala yamewaka mekundu.

Ndugu zangu, nawaambia, nilijiona fundi. Kule kwetu mbabula hukaa uani, na hata ikiingia ndani, upepo unapita juu ya ukuta unavyotaka. Hapa nilikuwa nimeziba kila tundu la bati kwa magunia na plastiki, hata chini ya mlango. Nikamlaza mdogo wangu kitandani karibu na moto, nikampa mahali pazuri. Mimi nikajikunja kwenye mkeka, mlangoni.

Tulipomaliza kula mchana akasema, "Yaya, kichwa kinanigonga." Nikamwambia ni baridi hiyo. Nikaongeza makala. Akatapika. Nikaongeza tena. Mnanisikia? Kila alipolalamika nilimwongezea kile kile kilichokuwa kinamuua.

Aliyevunja mlango ni jirani yangu, bibi mmoja mzee wa Kizulu, gogo kama wanavyosema huku. Miaka miwili nilikuwa simsalimii, kwa sababu wajukuu zake walituita makwerekwere, lile tusi la wageni. Alikuwa amekuja kuniambia nguo zangu zimeganda kwenye kamba, akabisha hodi asiitikiwe. Nakumbuka sauti yake tu: "Imbawula! Khipha imbawula!" Kizulu sikijui, lakini neno lile ni la mama yangu, nikalielewa nikiwa nimelala pale kama gunia: mbabula itoke nje. Mimi nilizinduka. Mdogo wangu hakuzinduka.

Daktari aliniambia wazi kwamba ni hewa ya makala. Nilimwelewa vizuri. Sasa sikieni ubaya wangu. Kwenye kilio mmoja wenu aliuliza, "Huyu binti aligombana na nani kule nyumbani?" Nami, kwa mdomo huu huu, nikamtaja shangazi yetu. Walikuwa wamerushiana maneno kabla ya safari, kwa ajili ya sufuria tu. Eish, mlivyolidaka! Hakuna hata mmoja aliyeuliza moto ulikuwa wapi. Simu zikapigwa Lubumbashi, ndugu wakamsusa, watoto wakakatazwa kula kwake. Mimi nikapata usingizi, maana mchawi alikuwa amepatikana na hakuwa mimi.

Baridi iliyofuata tukakusanyika kwa mmoja wetu, Jumapili mchana, kuomba shangazi ashindwe. Madirisha tumefunga, mapazia tumeshusha, na katikati yetu kuna nini? Mbabula. Mama mmoja akashika kichwa, akasema kinamgonga. Mwingine akapiga makofi: "Ni yeye! Amefika!" Mkazidisha sauti. Mlango mkaufunga kwa ufunguo ili mchawi asitoroke.

Jamani, niliogopa. Nikisema hii ni mbabula, basi na ile ilikuwa mbabula. Nikinyamaza, yule mama anakufa kwa uongo wangu, na watoto wake wanacheza pale nje. Nikafungua mlango, nikaibeba mbabula kwa mikono yangu, tazameni haya makovu, nikaitupa uani. Nikalia, "Si shangazi! Ni mimi! Mdogo wangu nimemuua mimi!" Baadhi yenu mlisema pepo limenipanda.

Namshukuru yule mama, aliyekuwa wa kwanza kuniamini alipopata hewa pale uani. Namshukuru gogo, ambaye leo hayupo kwa sababu hakuna aliyemkaribisha. Siku hizi ninamsalimia kila asubuhi. Ninyi wengine, cha kuwashukuru bado ninakitafuta. Mkitaka funzo ni hili: mbabula ikae nje. Na kichwa kikianza kukugonga, toka kwanza, uombe ukiwa nje.

Shangazi nilimpigia. Nikamwambia yote, nikalia mpaka sauti ikakauka. Akaniuliza, "Sasa, mwanangu, nani atakuja kula kwangu?"

Ninyi mliopiga zile simu za kwanza mnajijua, na mko humu ndani. Namba yake iko hapa kwenye simu yangu, na salio nimeweka. Sikai chini mpaka mmoja wenu asimame ampigie.