Honi ya Lori Namba Saba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wetu wa umeme wa magari anastaafu baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mitatu. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Pima, kwa sababu hajawahi kubadilisha kifaa kabla ya kukipima. Gari likikosa honi, wengine hukimbilia stoo kuomba honi mpya. Pima huanza na fyuzi, akaja kwenye rilei, ile swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye honi, akaiunga honi yenyewe moja kwa moja na betri ili aisikie, akaufuata waya wa kurudishia umeme uliofungwa kwenye bodi ya gari, na mwisho kabisa ndipo hufungua usukani. Mara nyingi alirudi na fyuzi iliyoungua kiganjani, akaiweka juu ya meza ya msimamizi, na honi mpya ikarudi stoo ndani ya boksi lake.

Siku gari la mkurugenzi lilipopiga honi lenyewe mfululizo kutoka getini mpaka mlango wa ofisi, watu walichungulia madirishani kuona ni nani anayeshangiliwa. Pima alikwenda, akachomoa rilei, akaitia mfukoni na kurudi kumalizia chai yake.

Wasifu wa kawaida wa jarida hili la karakana ungetoka hapo ukaingia kwenye shukrani. Mwenyewe ameomba huu usifanye hivyo.

Katika mwaka wake wa kumi na nne hapa, lori namba saba, likikata kona ya kushoto kuingia getini, lilimgonga mlinzi aliyekuwa ameligeuzia mgongo. Mlinzi alipoteza mguu. Alisema hakusikia honi. Dereva, ambaye ni kaka wa mke wa Pima, alisema aliipiga. Mbele ya kamati ya uchunguzi alijibu, "Niliibonyeza mpaka kidole gumba kikaniuma, wakubwa. Mpeni shemeji aipime, yeye hadanganyi."

Shemeji akaipima. Lori lilikuwa limeegeshwa uani, magurudumu yamenyooka. Alibonyeza mara tatu, honi ikalia mara tatu, njiwa wakaruka juu ya paa. Akaandika kwenye fomu kwamba honi inafanya kazi, akatia sahihi. Dereva akafukuzwa kwa uzembe na kwa kusema uongo. Aliyeandika muhtasari wa kikao kile ndiye anayeandika wasifu huu.

Siku arobaini baadaye, dereva mpya wa lori lilelile alileta malalamiko kwamba honi inakatika kwenye kona. Pima alipima fyuzi, rilei na nyaya, akakuta vyote vizima. Ndipo akapanda kwenye kiti, akabonyeza honi bila kuachia, akauzungusha usukani polepole. Honi ikalia. Usukani ulipofika nusu mzunguko kushoto, kimya. Akaurudisha, ikalia. Kushoto tena, kimya. Waosha magari wakamtania, "Fundi, harusi ya nani leo?" Akachukua bisibisi. Alipofungua usukani alikuta pete ya shaba inayopitisha umeme wa honi imelika upande mmoja, na kila usukani ulipokatwa kushoto, kijiti cha springi kilichopaswa kuigusa kilikuwa kikigusa hewa tu.

Alikwenda kwa meneja wa wakati ule akiwa na pete mkononi.

"Faili limefungwa," meneja akasema. "Na aliyepima mara ya kwanza si wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa unataka nimlaumu nani, bwana? Nenda kafanye kazi."

Tangu hapo, kila Januari, Pima aliuandikia uongozi barua moja ya aya mbili, kwa maneno yaleyale, akiomba matokeo ya kipimo cha pili yachapishwe. Zimefika kumi na tisa. Hakuna iliyojibiwa. Iliyojibiwa upesi ni barua ya jirani aliyelalamikia kelele, maana Pima alikuwa ameweka kanuni kwamba honi haipimwi magurudumu yakiwa yamenyooka: usukani uzungushwe mwisho hadi mwisho, mkono ukiwa juu ya honi. Kwa kanuni hiyo alipewa onyo la maandishi. Hakuiacha. Cheo cha msimamizi kilimpita mara tatu. Kwa miaka kumi na tisa hakuna gari lililotoka kwenye geti letu na honi inayonyamaza kwenye kona, jambo ambalo halimo kwenye cheti atakachokabidhiwa.

Nyumbani, mkewe alikaa miaka miwili akimwita "fundi" tu, kama mteja. Shemeji yake, yule dereva, hakupata tena kazi ya udereva. Anashona viatu nje ya kituo cha mabasi. Yeye na Pima husalimiana, hawatembeleani.

Kamati ya kuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani, aliambiwa kuna saa nzuri ya ukutani. Akasema, "Saa ninayo. Chapisheni matokeo."

Tunayachapisha. Siku ya ajali, lori namba saba lilikuwa na hitilafu ya honi. Usukani ukikatwa kushoto, honi haikuweza kulia hata ikibonyezwa kwa nguvu zote. Kipimo cha kwanza kilikosewa. Dereva alisema kweli. Pima ametia sahihi kwenye nakala ya kwanza ya jarida hili, na ataipeleka mwenyewe, kwa miguu, mpaka kituo cha mabasi.

Fundi, tunakushukuru kwa kazi yako, na kwa barua zako ambazo tulizisoma tukazifungia kwenye droo. Shemeji yako aliondoka hapa bila chai, bila hotuba, bila hata mstari mmoja katika jarida hili. Kwa hiyo leo tunawaaga wote wawili. Siku zilizobaki ziwe njema kwenu, na mojawapo iwakute mmekaa meza moja.