Umeme wa Moto wa Simoni

Kijiwe cha Hamidu kipo pale senta ya machimbo, mbele ya mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na ukikaa hapo unakunywa kahawa pamoja na vumbi. Ilikuwa wiki ya pili tangu Wangwe afe maji ndani ya duara, shimo walilokuwa wakichimba kwa shirika, na benchi zima halikuwa na habari nyingine. Mogesi alikaa pembeni kabisa, kahawa imempoa mkononi, akisikiliza.

— Mimi nawaambia ni sumaku, alisema Mseti, ambaye senta nzima wanamwita Redio. Sumaku inavuta chuma, sivyo? Na maji ya huku yana chuma, si mnaona yalivyo mekundu? Simoni kapanga sumaku kumi na mbili pale juu, mlitegemea maji yakae chini?

— Hata damu ina chuma, Hamidu alidakia, akimimina kahawa. Wangwe alizidiwa na damu yake mwenyewe.

— Hamjui kitu, alisema Saadi sonara. Umeme ule hakuutengeneza. Aliunyonya kwenye dhahabu iliyo chini, mwamba ukalegea, maji yakapata njia.

— Eeh! Ndiyo maana katoroka! Mseti alisema.

Mogesi aliujua ukweli. Simoni hakutoroka. Walimvunjia mtambo wake, wakamfukuza.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Nyambureti, mpole. Alichoshwa na ile dizeli iliyochelewa kufika kutoka Sirari. Kila ilipokwisha jenereta ilizimika, pampu ya kutoa maji duarani ilisimama, na watu wakakimbia maji. Basi akakusanya sumaku za spika mbovu, akazipanga pande mbili, katikati akapitisha moto wa mtungi wake wa gesi, na ndani ya moto akanyunyiza majivu ya maganda ya ndizi.

— Moto ukiwa mkali hivi, hewa yake inapitisha umeme kama waya, aliwaeleza siku ya kuujaribu mtambo. Inaitwa plazima. Ikipita kwa kasi katikati ya sumaku, umeme unasukumwa pembeni, na mimi naudaka kwa vibao hivi vya shaba. Hakuna injini. Hakuna kinachozunguka. Leo tutaona sindano ya mita tu. Pampu ni baadaye.

Na sindano ikanyanyuka kweli.

— Mwongo! Mseti alipiga kelele siku ile. Anaiba umeme wa jenereta! Zima jenereta tuone!

— Msizime, Simoni alisema, mikono yote miwili imeshika bomba la moto. Wangwe yuko chini.

Mogesi ndiye aliyekuwa karibu na jenereta. Aliwaza, kidogo tu, nitaiwasha sasa hivi. Akazima.

Sindano haikushuka. Wakarukaruka, wakakumbatiana, Hamidu akamwaga kahawa bure, na Mogesi mwenyewe akacheza mpaka akalia kwa furaha. Simoni alikuwa akipaza sauti, nao walidhani anashangilia. Alipolitupa bomba la moto na kukimbilia kamba ya kushukia shimoni, maji yalikuwa yameshafunika njia ya pembeni aliyokuwemo Wangwe.

— Shikamooni.

Wote wakageuka. Alikuwa Efrazia, mjane wa Wangwe, amevaa kaniki, miguu ina vumbi la njia ya Kisaka.

— Marahaba, mama. Karibu, kahawa ipo, Hamidu alisema haraka.

— Sijaja kunywa. Simoni alikuja kwangu juzi, akapiga magoti, akasema jenereta ilizimwa kwa kosa lake. Mashemeji zangu wakamtoa kwa mawe, na mimi nilirusha la kwanza. Alipoondoka nikakaa nikawaza. Mtu mwenye moto mikononi, alizimaje jenereta?

Mseti aliangalia ndani ya kikombe. Saadi akaanza kufuta miwani. Hamidu akalipulizia jiko lililokuwa linawaka vizuri tu.

— Nauliza jamani. Nani alizima?

Mogesi aliwaangalia wenzake mmoja mmoja, akingoja mtu aseme walau tulikuwa wote, tulipiga kelele wote. Hakuna.

— Ni mimi, shemeji.

Efrazia hakupiga yowe. Alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine usoni mwake.

— Ulikula kwangu kwenye matanga, alisema. Ulimbeba mwanangu.

— Ndiyo.

— Basi inuka. Wazee wamekaa Kisaka wanapanga kumfuata Simoni huko Sirari, wamlipize kisasi. Ukawaambie mwenyewe, mbele ya kaka zake marehemu.

Mogesi aliwajua kaka zake Wangwe. Aliweka kikombe chini, akasimama. Alingoja kidogo, labda kuna atakayeinuka naye. Kisha akamfuata yule mama barabarani, peke yake.