Pikipiki ya Dresa Inanguruma, Haiendi

Kijiwe chetu hapa Kimamba kinatazamana na stesheni, na birika la kahawa ni langu, kwa hiyo upuuzi wote unaosemwa hapa naupashia moto mimi. Asubuhi hiyo ya mwaka hamsini na mbili mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ndiyo kwanza imekatika. Lupakisyo, dresa wa zahanati, yaani mfunga vidonda, alikuwa anahangaika na pikipiki yake: injini inanguruma, gia imeingia, gurudumu linajikokota tu. Pembeni alisimama Rafaeli, mkata mkonge wa Kilangali, aliyekuja kwa miguu kumfuata mkunga. Mkewe Fausta ameshikwa na uchungu. Watoto wao wawili wa kwanza walikufa siku ile ile ya kuzaliwa, na mara zote mbili mkunga alichelewa.

— Klachi inateleza, alisema dresa. Juzi ilikuwa nzima kabisa!

— Imechoka hiyo, alisema Nikolaus, karani wa stoo ya mkonge, tunayemwita Rula kwa kupenda kunyoosha maneno ya watu. Mashine ya serikali nayo inataka likizo.

— Likizo gani! alidakia Filipo, tunayemwita Bama kwa kuwa alipigana Burma, na tangu arudi hakuna chombo asichokijua. Hii inaogopa mlima. Tulikuwa nazo vitani, zikiona mlima zinajitia ugonjwa.

— Barabara ya Kilangali ina mlima gani, Bama? niliuliza.

— Inakumbuka ya kule.

— Hapana, alisema Rula. Imezoea uzito wa Mzungu aliyeiendesha zamani. Dresa mwembamba, klachi haijui kama kuna mtu. Tuipakie gunia la mahindi.

— Na mkunga akae wapi?

— Juu ya gunia.

Rafaeli hakucheka. Nilimpa kikombe, akakishika tu.

— Jamani, niambieni moja. Inakwenda au haiendi?

— Itakwenda, kijana, alisema Bama. Tufungue klachi tuimwagie majivu. Hata kambale anashikika kwa majivu!

Dresa alikwisha shika spana. Nami, Mungu anisamehe, nilikwisha chota majivu jikoni. Ndipo Hildegarda mkunga akatokea na mkoba wake.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Na kamba hii ya nini?

— Waya wa klachi ulikatika juzi, mama, alisema dresa. Nikafunga kamba ya mkonge, nikaikaza sawasawa.

— Ulifunga kavu?

— Kavu.

— Na leo imenyeshewa.

Dresa akaigusa kamba, imelowa.

— Wanaume mnaishi kwa mkonge, alisema mkunga, na hamjui mkonge ukilowa? Kamba yangu ya kuanikia nguo ikinyeshewa inafupika mpaka nguzo zinainama.

Dresa akajipiga paji la uso.

— Imejivuta! Mimi nimeachia klachi, kamba bado imeishika!

Akalegeza fundo mpaka mkono wa klachi ukacheza kidogo. Akapiga teke. Gurudumu likaruka, likamrushia Rula tope suruali nzima, na mkunga akaondoka nyuma ya dresa, ameukumbatia mkoba wake. Majivu niliyamwaga kimyakimya.

Rafaeli alibaki, maana pikipiki ni ya watu wawili. Tulisikiliza mlio mpaka ukapotelea mashambani, wala haukukwama hata mara moja. Rafaeli akanywa kahawa yote kwa pumzi moja, akaanza kuondoka kwa miguu, kisha akageuka.

— Jamani, mtoto anachaguliwaje jina? Wale wawili hatukuwahi kufika huko.

Bama akainamia kikombe chake. Rula akatazama tope lake. Kijiwe kizima, mafundi wa kila kitu, hilo hatukuwa na ufundi nalo.

— Basi nitafikiri njiani, alisema Rafaeli, akaondoka mbio.