Askale, Mtoto wa Nyumba ya Wayzaro Senedu

Baba zetu makasisi, viongozi wa chama chetu cha kuzikana, majirani wa Gulele, na ninyi mliokuwa mnapita mkaona jeneza lina watu wachache mkaamua kuingia, nawasalimu. Naitwa Bogalech Tessema, muuza mikate ya injera wa pale njia panda, na nimesimama hapa kuwasomea maisha ya dada yangu. Mtanivumilia, maana sauti yangu imezoea kuita wateja.

Marehemu Askale Demissie alizaliwa tarehe 12 Hidar mwaka 1950 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, siku ya Mikaeli Mtakatifu, katika kijiji kilicho juu ya mji wa Debre Sina, akiwa mtoto wa nne wa mzee Demissie, mkulima wa shayiri, na mkewe Fantaye, na kwa kuwa baridi ya mwaka ule ilikuwa haina mchezo, mama yake alimlaza katikati ya kondoo, jambo ambalo marehemu alilisimulia kwa majivuno, akidai kwamba yeye alianza maisha na koti la sufu wakati watoto wa matajiri walianza na shuka.

Mwezi Meskerem mwaka 1959, sikukuu ya Msalaba ilipokwisha, alifika kijijini bibi wa mjini, Wayzaro Senedu, ndugu wa mbali wa mama yake, katika gari la mumewe, Ato Lakew, mfanyabiashara wa ngozi hapa Addis Ababa, akaomba apewe mtoto kama tunavyoombana siku zote. "Nipe huyu mwenye macho mepesi," alisema, "nitamsomesha, atakuwa mwanangu." Mama Fantaye alimfungia shayiri ya kukaanga kwenye kitambaa, akambusu, akampandisha garini, na hawakuonana tena.

Kuhusu elimu, marehemu hakuandikishwa shule mwaka ule kwa sababu Wayzaro alikuwa mjamzito, wala mwaka uliofuata kwa sababu mtoto alikuwa mchanga, wala ule mwingine kwa sababu mtoto ameanza kutembea na anahitaji wa kumkimbilia, na hatimaye ikasemwa kwamba Askale amekuwa mkubwa mno kukaa darasani na wadogo. Mwezi Hamle mwaka 1971, serikali ilipoagiza kila mtu mzima ajue kusoma, viongozi wa mtaa walibisha mlangoni, na Wayzaro akawaambia, "Huyu ni mtoto wa nyumba hii, hawezi kwenda kubanana na wapagazi." Mmoja wao akatoa gazeti, akasema, "Vizuri, mama, basi mtoto wa nyumba hii atusomee mstari mmoja." Hivyo ndivyo Askale alivyofika kwenye banda la kusomea la mtaa, akakaa benchi moja na mimi, na akanipita kwa kila kitu, hata kwa mwandiko.

Kuhusu kazi, sikujua niandike nini. Mwaka 1967, serikali ilipochukua nyumba za kupangisha, zikiwemo za Ato Lakew, watumishi wa mshahara waliachishwa wote, mpishi, dobi na mlinzi, na mtoto wa nyumba akabaki, akaoka injera, akafua, akakaanga kahawa mara tatu kwa siku, akalala jikoni karibu na majivu. Siku moja nilimuuliza mshahara wake anaupokea lini, akaniangalia kama niliyemtukania mzazi. "We Boga, una akili? Mtoto anamdai mama yake mshahara?" Nikamwambia, "Na mtoto analala jikoni?" Alininunia muda mrefu, na hadi leo sijui kama nilikosea kusema, ila naona uchungu kwamba nilisema kweli na haikumsaidia.

Kuhusu ndoa, mwaka 1974, Gizachew Mulat, mwokaji mikate wa hapa Gulele, kijana mpole aliyekuwa na unga kwenye nyusi kila nilipomwona, alituma wazee watatu kumposa, na wazee wale walisimama mlangoni kama ilivyo desturi, wakakataa kukaa mpaka wapewe jibu. Mara ya kwanza, mwezi Tahsas, Wayzaro aliwaambia msichana bado anafikiri, ilhali msichana alikuwa nyuma ya pazia amefikiri zamani, mara ya pili, mwezi Tir, wakaambiwa Ato Lakew amesafiri, mara ya tatu, Jumapili ya mwezi Yekatit, Wayzaro akatoka mwenyewe na vidani vyake vya dhahabu, akasema, "Wazee wangu, nyie mngempa mwokaji mikate binti yenu? Mimi binti yangu simtoi." Wazee wakavaa kofia wakaondoka. Askale aliniambia habari hiyo huku analia na anacheka, kwa sababu, alisema, mbele ya wazee watatu ameitwa binti. Gizachew alioa kwingine. Mimi nilikasirika kwa niaba ya wote wawili, na hasira hiyo sijaimaliza.

Marehemu hakujaaliwa kuzaa, lakini alilea watoto watatu wa nyumba ile, akawabeba mgongoni, akawauguza surua, akawafungia mizigo mmoja baada ya mwingine walipohamia ng'ambo. Wote watatu wamepigiwa simu, na wamesema wamesikitika.

Ato Lakew alifariki mwaka 1988, na tangu hapo wanawake wale wawili wakaishi peke yao katika nyumba kubwa, mmoja sebuleni, mmoja jikoni, ukuta ukiwa kati yao. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba barabara itapanuliwa, nyumba itavunjwa, na wenyewe watapewa fidia na kiwanja, akaja bwana mmoja wa serikali kuuliza nani na nani ni wa nyumba ile. Nilikuwapo, nimepeleka injera. Wayzaro akataja wanawe watatu, na yule bwana akamnyooshea kidole Askale, aliyekuwa anamletea kahawa kwenye sinia. "Na huyu mama?"

"Huyu si wa kuhesabiwa," Wayzaro alisema. "Ni mtumishi."

Askale alimmiminia mgeni kahawa bila kumwaga hata tone, akarudi jikoni, nami nikamfuata. Alikuwa anapepea mkaa ambao tayari ulikuwa umewaka. "Boga, umesikia nilichosikia?" Nikamwambia nimesikia. Akafikiri, akasema, "Mama amezeeka siku hizi. Anachanganya maneno."

Alianza kuugua figo mwezi Tir mwaka 2013, akaendelea kupika amekaa kwenye kigoda, na mwezi Tahsas mwaka huu nilimpeleka hospitali kwa teksi. Muuguzi alipomuuliza jina la mtu wake wa karibu, nilijinyoosha, nikajiandaa kutajwa, maana ni mimi niliyekuwa nimemshika mkono. Askale akamtaja Wayzaro Senedu. Muuguzi akauliza, "Ni nani wako?" Akajibu, "Mama yangu." Iliniuma, sitaficha, iliniuma kuliko nilivyotarajia. Simu ilipigwa, ikapigwa tena, na huyo mama hakuja, akatuma kuuliza tu chumvi imewekwa wapi. Marehemu alimjibu ilipo, na alifariki alfajiri ya tarehe 3 Yekatit mwaka 2014, akiwa na miaka sitini na minne.

Asubuhi ile Ato Mekuria, mwenyekiti wa chama chetu, alikwenda kwenye lango la nyumba ile, ambayo hadi leo haijavunjwa, akauliza, "Wayzaro, marehemu ni mtoto wako? Kama ni mtoto, turubai na vyombo tunaleta hapa, na wewe ndiye utakaa kupokea pole." Akajibiwa kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi, na mfanyakazi chama hakimhusu. Sasa, nilipojiunga na chama hiki, nilitakiwa kutaja ndugu zangu ambao chama kitawazika, nikamtaja na Askale, na Ato Mekuria, ambaye anajua ukoo wangu wote, aliniuliza, "Bogalech, huyu dada yako mlichangia tumbo gani?" Nikamwambia tulichangia jiko la kahawa. Akacheka, akapitisha. Ndiyo maana turubai liko kwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomhudumia kwa upole, majirani waliochimba kaburi na kupika, makasisi waliomwombea. Wafanyakazi wenzake ningewashukuru pia, lakini hakuwa nao.

Nimalizie na jambo moja. Wayzaro Senedu yuko hapa, pale nyuma, kwenye kiti peke yake, na amevaa nyeusi. Baadhi yenu mmenivuta mtandio mkiniuliza afukuzwe au aachwe. Ingekuwa ni mimi, ningejua la kufanya. Lakini marehemu aliulizwa na muuguzi akiwa na akili zake timamu, akajibu, na leo neno lake ndilo linalosimama. Mkimaliza kunipa mkono mimi, nendeni nyuma, mmoja mmoja, mkampe pole mama yake.

Lala, Askale. Lala salama, dada yangu.