Nyumba ya Thelathini na Moja

Baada ya miaka ishirini na mitano katika Idara ya Michoro ya shirika letu la vitabu vya watoto, Bi Mwanalima Shee anastaafu tarehe 31 Desemba 2019. Kikombe chake cha chai ameshakipeleka nyumbani. Kopo lake la simbi, zile kombe ndogo za pwani, bado liko mezani, na hakuna anayethubutu kuligusa. Sababu yake nitaieleza, ingawa inanitia aibu.

Bi Mwanalima amezaliwa Chovai, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia, na kila mgeni anayeingia ofisini, awe mkubwa wa wizara au fundi bomba, huambiwa hivyo kabla hajaketi: "Mimi ni mchu wa Chovai," yaani mtu wa huko. Utotoni yeye na wenzake walikuwa na mchezo wa nyumba. Walipanga simbi mchangani kufuata kuta za nyumba za mtaani kwao: ukumbi, vyumba, jiko, kisima. Mlango haukuwekwa simbi, uliachwa nafasi tupu. Aliyeingia bila kupiga hodi alitolewa mchezoni siku nzima. Mwanalima ndiye aliyekuwa mkali wa sheria hiyo, na ukali huo haujapungua hata kidogo.

Mwaka 1992, vita vilipofika visiwani, aliondoka na wanawe wawili, wakapitia Ras Kamboni na Kiunga hadi kambini Mombasa. Hakubeba picha hata moja. Mama yake, Bi Mwanabibi, alikataa katakata kuondoka, akisema nyumba haiachwi bila mtu. Hadi leo hakuna aliyeleta habari zake za uhakika.

Kambini Bi Mwanalima aliwachorea watoto kisiwa chao kwa mkaa, juu ya maboksi ya msaada. Mhariri wetu wa wakati huo alikwenda kugawa vitabu, akarudi amekumbatia maboksi. Januari 1995 Bi Mwanalima akaajiriwa.

Alikuja na shabaha moja. Mtaa wao ulikuwa na nyumba thelathini na moja, na zote zilipaswa kuingia vitabuni kabla hazijamponyoka kichwani. Hadithi ikiwa ya sungura, nyuma ya sungura kuna nyumba ya Chovai. Kitabu kikiwa cha hesabu, maembe yanahesabiwa kwenye baraza ya Chovai. Mhariri alimtaka achore nyumba za mabati, kama vitabu vya wengine. Bi Mwanalima alimrudishia mchoro uleule mara nne, kila mara ndani ya bahasha mpya. Mara ya tano mhariri alichoka, na sisi tunamshukuru kwa kuchoka kwake.

Kabla ya kushika penseli alipanga simbi mezani, chumba baada ya chumba, mpaka nyumba imrudie. Mimi sikuyajua hayo. Mwaka 2003, nikiwa na wiki mbili kazini, nilitaka mahali pa kuweka sinia la chai. Nikazikumba simbi zote kwa mkono, nikazitia koponi, nikajiona mtu wa usafi. Kumbe nimebomoa nyumba ya mzee Hamidi, jirani yao wa Chovai, kazi ya siku tatu! Bi Mwanalima hakunifokea. Alinitoa nje, akafunga mlango, akaniamuru nipige hodi. Nilipiga mara saba ndipo nikakaribishwa, idara nzima ikiangalia.

Vitabu vilisafiri hata alikoshindwa kufika yeye. Bi Twahira, mkimbizi wa Chovai aliyehamia Ulaya, alituandikia kwamba nyumba ya ukurasa wa kumi na nne wa kitabu kimoja ni ya bibi yake, ila baraza ilikuwa upande wa kushoto. Bi Mwanalima akapanga simbi upya, akanuna kidogo, kisha akakubali. Katika toleo la pili baraza ilihamia kushoto.

Kufikia mwaka 2012 nyumba thelathini zilikuwa zimekamilika. Iliyobaki ni ya mama yake. Kila mwaka aliipanga, ukumbi, vyumba, jiko, na kila alipofika mlangoni alizikusanya simbi akazirudisha koponi. Nilipomuuliza, alisema hajui kama mama aliufunga mlango au aliuacha wazi, na uongo yeye hachori.

Oktoba mwaka huu kitabu chake cha mwisho kilikuwa mezani, na siku za kazi zinahesabika. Alipanga simbi tena. Alipofika mlangoni, badala ya kuzikusanya, akacheka peke yake. Alisema miaka yote hiyo amejiuliza swali la mtu mzima, wakati nyumba yenyewe aliijua tangu akiwa na miaka saba, na katika mchezo wao mlango haukuwa na ubao wa kufunga. Akachukua penseli.

Kitabu kitatoka Januari. Fungueni ukurasa wa mwisho. Msichana mdogo amesimama nje ya nafasi ya mlango, mkono juu, mdomo wazi, anapiga hodi. Ndani, upande wa jikoni, linaonekana pindo la leso ya mtu anayekuja kumkaribisha. Nilipouona mchoro huo nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Bi Mwanalima, ahsante kwa nyumba zote thelathini na moja. Tunakuombea afya, wajukuu wasikivu na siku ndefu zenye raha. Kopo lako tutakuletea wenyewe, simbi zote zikiwa ndani. Na hata tukikuta mlango wazi, tutapiga hodi.

Fahad Ahmed, Idara ya Kurasa